Mama, Mashine Imejaa

Mwezi huu tumechagua kuongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipangusa vumbi kila asubuhi bila kukiuliza habari zake, nacho ni ile mashine ya gemu iliyo chini ya televisheni sebuleni. Kama mtoto acheze au asicheze, na kwa saa ngapi, kila nyumba ina amri yake, na hilo tuliache. Tunataka kuongea juu ya nafasi iliyomo ndani ya mashine hiyo. Twajua ni jambo la ajabu kwa ukurasa huu. Lakini nafasi hiyo imemfanya mtoto mkweli aitwe mwongo mbele yetu, nasi tukaitikia, na katika nyumba nyingine ya ukoo uleule imepoteza kitu kisichonunulika dukani.

Tuanzie Kibaha. Ilikuwa Jumamosi jioni, upande wa Picha ya Ndege, kwa mama mmoja wa kikundi chetu mwenye watoto watatu. Mumewe ni dereva wa malori ya kwenda Tunduma, mtu wa kuonekana nyumbani siku nne au tano kwa mwezi. Kijana wao mkubwa, wa miaka 13, alikuwa amezoea kushinda kwenye kibanda cha gemu kule Maili Moja, na nauli yake ya shule ilikuwa ikiishia huko. Baba akaona heri kununua PlayStation 4 iliyotumika, pale Kariakoo, ili mtoto achezee nyumbani mama akimwona. Tuliposikia tulisema ni busara, na mpaka leo twasema hivyo. Miezi mitatu baadaye baba akarudi safari na diski mpya ya mpira wa miguu, ndani ya kasha lake, haijafunguliwa.

Sasa jioni ile tukiwa tunakunywa chai, kijana akaja akasimama mlangoni. Alitusalimu vizuri, kisha akasema, "Mama, mashine imejaa. Inanitaka nifute gemu nyingine, la sivyo tununue hadidiski."

"Imejaa nini?" mama akauliza. "Si baba yako amekuletea diski juzi? Hiyo diski si iko pale?"

"Ipo mama, lakini lazima gemu yote iingie ndani ya mashine kwanza. Imeingia. Sasa inataka apdeti, na nafasi haitoshi."

"Redio ya gari la baba yako inapiga CD bila kuimeza. Haya, nafasi imebaki kiasi gani?"

"GB 30."

"Na hiyo apdeti ina ukubwa gani?"

Kijana akababaika. Akasema, "GB 5."

Hapo mama alitugeukia sisi. "Mnasikia? Thelathini na tano, ipi kubwa?" Tukacheka. Tena hatukucheka tu, tulimwambia kijana kwamba kama anataka pesa aombe pesa, asizungukie kwa hesabu za uongo. Aliinamisha kichwa, akasema "samahani shangazi," akaondoka. Mashine ikafungiwa kabatini mwezi mzima, na kijana, kama mnavyoweza kukisia, akarudi Maili Moja.

Wiki ya tatu tulikuwa na simu iliyopasuka kioo, tukaipeleka kwa fundi mmoja palepale Maili Moja, ambaye pia hutengeneza mashine za gemu. Tukimsubiri, tukamsimulia kisa kile kama kichekesho. Fundi hakucheka. Alisema, "Mama, huyo mtoto amesema kweli yote. Hata hesabu yake ni kweli." Akatueleza, nasi tukaenda kuulizia zaidi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Zamani ilikuwa kama mama yule alivyodhani. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo ilijaa katika vibanda vyetu kwa miaka mingi, ilisoma mchezo moja kwa moja kutoka kwenye diski, kama redio na CD. Ndani haikuhifadhi mchezo wowote. Mchezaji alikuwa na kikadi kidogo cha MB 8, nacho kilitunza kumbukumbu ya alipofikia tu. Diski ikitoka, mchezo umetoka.

Mambo yaligeuka taratibu. PlayStation 3, ya mwaka 2006, ilikuwa na hadidiski ndani yake, na baadhi ya michezo ikaanza kudai inakiliwe humo kabla ya kuchezwa. Mwaka 2008 ulitoka mmoja uitwao Devil May Cry 4 (jina hatulipendi, lakini ndilo jina lake) uliowakalisha wachezaji kama dakika 20 wakitazama mstari ukijaa kabla hawajagusa kitu, na watu wakanung'unika. Kisha Novemba 2013 zikatoka PlayStation 4 na Xbox One, na kwa hizo si baadhi ya michezo tena bali yote. Kila diski unayoingiza, mashine huinakili ndani, upende usipende. Sababu yenyewe ina maana. Michezo imekuwa mikubwa mno, na ule mwanga unaosoma diski hauwezi kuchota picha na sauti kwa kasi inayotakiwa, ilhali hadidiski ya ndani inaweza. Hivyo diski imebaki kuwa kama gunia lililoletea mzigo na stakabadhi ya kuonyesha kuwa mzigo ni wako. Mzigo wenyewe umeshapakuliwa ghalani.

Lakini stakabadhi bado hudaiwa. Ukitaka kucheza mchezo ulioingia kwa diski, lazima diski iwe ndani ya mashine, ingawa mchezo wote umekwisha nakiliwa. Tunalisema hili kwa sababu litatufaa tukifika Kisarawe.

Sasa tuangalie ghala lenyewe. PlayStation 4 ya kawaida imeandikwa GB 500. Ukiiwasha unakuta zilizobaki kwa matumizi yako ni kama 400 na kidogo, maana mashine yenyewe imejitwalia chumba chake. PlayStation 5 ya kwanza, ya Novemba 2020, imeandikwa 825 na mwenye nyumba anapata kama 667. Xbox Series S ya kwanza, ambayo wauzaji huisifu kwa bei yake nafuu, imeandikwa 512 na inakupa kama 364, tena haina hata mdomo wa diski, kwa hiyo kila mchezo utaupakua kwa intaneti. Mama anayetaka kununua hiyo na aulize kwanza nyumba yake ina intaneti ya namna gani. Mchezo mmoja wa mpira unaweza kula GB 40 au zaidi, na kila mwaka unatoka mwingine. Michezo ya vita ni mlafi zaidi. Call of Duty ya mwaka 2019, pamoja na nyongeza zake, ilifika kupita GB 200, yaani nusu ya ghala kwa mgeni mmoja.

Na ile hesabu ya 30 na 5? Hapa ndipo tuliposhika vichwa. PlayStation 4 ikileta apdeti, yaani masahihisho ya mchezo, haiupachiki kiraka mchezo ulipo. Huunakili mchezo wote upya pembeni, pamoja na masahihisho, ndipo ifute ule wa zamani. Mchezo wa kijana yule ulikuwa na GB 45. Ili upokee masahihisho ya 5, mashine ilitaka uwanja wa 50 mtupu kwa muda. Yeye alikuwa na 30. Mtoto wa miaka 13 alijua kwamba inakataa, hakujua kwa nini inakataa, na sisi watu wazima watatu, pamoja na mpangaji wa uani aliyekuwa ameingia kuazima chumvi, tulichukua kutojua kwake kuwa ushahidi wa uongo.

Tulirudi kwa mama yule tukamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi nimemwonea." Usiku ule akamwita mwanawe jikoni, akamwambia hivyo hivyo bila kuzunguka. Kijana, kwa jinsi walivyo vijana, alisema "haina shida mama," akauliza kama anaweza kwenda kuitoa mashine kabatini.

Fundi alitupa na maarifa mengine ambayo tungependa yawafikie wenye mashine za namna hii. Kufuta mchezo si kufuta alipofikia mtoto. Kwenye PlayStation 4 kumbukumbu hizo hukaa mahali pake, na mchezo ukirudishwa anaendelea alipoachia. Watoto wengi hulia kwa sababu hawalijui hili, nasi tukawaona wadekaji. Pili, penye kubanana, ufutwe kwanza mchezo wenye diski, kwa kuwa kuurudisha ni umeme na muda tu, ila masahihisho yake ndiyo yatakayotaka intaneti tena. Uliopakuliwa wote kwa intaneti ukifutwa, kuurudisha ni bando upya. GB 50 ni bando ambalo nyumba nyingi tunazozifahamu hazilinunui kwa mwezi mzima, na tumesikia zaidi ya mama mmoja akishangaa vifurushi vya simu yake vilikwenda wapi usiku. Tena, michezo mingi ya diski huchezeka bila apdeti kabisa mradi mtoto hachezi na watu wa mbali kwa mtandao. Mashine itanung'unika, achague kuendelea bila hiyo. Na mwambieni aangalie pale zinapohifadhiwa picha na video alizorekodi mwenyewe. Yule wa Kibaha alikuwa na mabao yake ya miezi mitatu, kila bao na video yake, hata yale ya kujifunga.

Tulidhani habari imeishia hapo. Haikuishia.

Mama yule wa Kibaha ana mdogo wake anayekaa Kisarawe mjini, upande wa kutokea Minaki, naye ana mvulana wa miaka 10 mwenye mashine kama ileile. Binamu hawa hubadilishana diski. Mtu wa nyumbani akipita, kupitia Mbezi na Gongo la Mboto, hubeba diski kwenye mfuko wa kaki pamoja na unga au embe, kufuatana na msimu. Ni utaratibu mzuri na wa kubana matumizi, na michezo ya kupakua haikubali kuazimana namna hii. Mara ya kwanza ulileta ugomvi: mdogo aliunakili mchezo, akarudisha diski Kibaha, akadhani sasa ana wake. Mashine ikamdai diski. Akapiga simu akilia kwamba kaka ameuharibu mchezo wake kutoka Kibaha. Mkisoma tuliyosema juu ya stakabadhi mtaelewa.

Mara ya pili mashine ya Kisarawe nayo ikajaa. Kaka mkubwa, aliyekuwa sasa mtaalamu, akamwelekeza mdogo kwa simu kwamba dawa ni hadidiski ya nje. Na ni kweli. Tangu Machi 2017 PlayStation 4 hukubali hadidiski ya kuchomeka kwa waya wa USB, kuanzia ya GB 250 hadi TB 8, na michezo ikakaa humo na kuchezwa humo. Mdogo akaangalia ndani, akaiona moja kwenye droo ya kabati la vyombo, imefungwa kwenye kitambaa.

Hiyo hadidiski ilikuwa ya mjomba wao. Ndani yake kulikuwa na picha za harusi mbili, ubatizo wa watoto watano, na video ya karibu saa moja ya bibi yao, iliyochukuliwa Maneromango miezi michache kabla hajafariki. Bibi amekaa kwenye mkeka, anaeleza ukoo kwa Kizaramo, nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, anacheka, anakohoa, anaomba maji, anaendelea. Wajukuu wengi hawakuwa wakifahamu hicho Kizaramo, ila walikuwa wameahidiana kwamba siku moja watakaa na mzee mmoja awatafsirie.

Mtoto hakufanya kwa siri. Tunataka hili lieleweke. Alichomeka, na mashine ikamwandikia maneno kwa Kiingereza. Akaenda mpaka mlango wa jikoni akasema, "Mama, inauliza kama i-fomati. Niseme ndiyo?"

Mama alikuwa anakaanga samaki. Alikuwa ametoka kazini, umeme wa LUKU ulikuwa umebaki yuniti mbili, na mtoto alikuwa amekwisha mwita mara sita jioni ile. Akajibu bila kugeuka, "Sema ndiyo, umalize, uje kula."

Kufomati maana yake ni kufagia ghala lote, kila kitu nje, ili mashine ipange upya kwa mtindo wake. PlayStation haiwezi kuchanganya michezo yake na picha za harusi kwenye hadidiski iliyowekwa kwa kazi hiyo. Huitaka yote, tena tupu. Maneno yale ya Kiingereza yalikuwa yanasema wazi kwamba kila kilichomo kitafutika, na mama yule Kiingereza anakijua vizuri, anakitumia ofisini. Angegeuka asome mistari miwili.

Ilijulikana baada ya wiki mbili, mjomba alipokuja kuchukua mali yake. Tulikuwepo siku ya tatu yake, tumekwenda kuwapa pole kama watu waliofiwa, na kwa kweli ilikuwa hivyo. Mjomba alikuwa amekaa barazani haongei. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha mchapa mtoto, na alipomaliza ndipo alipokumbuka mwenyewe yale aliyojibu jikoni. Alitusimulia akiwa amejishika shavu. "Aliniuliza," alisema. "Mwenzenu, aliniuliza."

Walipeleka hadidiski kwa fundi mjini Dar es Salaam. Fundi alisema kitu ambacho kila mwenye nyumba angefaa akijue: ajali ya namna hii ikitokea, chomoa palepale, usiandike kitu kingine juu yake, kwa kuwa mara nyingi yaliyofutwa yapo bado chini na mtaalamu anaweza kuyachota. Lakini hii ilikuwa imekaa wiki mbili ikipokea mizigo, mchezo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukikanyaga juu ya yale ya zamani. Zilitoka picha kama arobaini za harusi ya kwanza, nyingine nusu yake ni kijivu. Video ya bibi haikutoka.

Tumeulizwa na wengine kama basi lililo bora si kuzitoa mashine hizi majumbani. Sisi hatuoni hivyo. Hadidiski ile ingeweza kudondoka, au kulowa, au kuibiwa na droo yake. Kosa la kuweka kumbukumbu ya ukoo mzima mahali pamoja lilikuwepo kabla ya PlayStation, na ni kosa la wengi wetu. Hebu nendeni mkaangalie picha zenu ziko wapi, na kama zipo mahali pawili. Kinachotusumbua zaidi ni kwamba katika nyumba zote mbili mtoto alikuja akasema jambo lililo kweli, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, na mkubwa hakulisikiliza kwa sababu lilikuwa "la gemu". Kibaha gharama yake ilikuwa mwezi mmoja wa kuonewa. Mnajua Kisarawe ilikuwa nini.

Siku hizi kule Kibaha kuna karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la televisheni. Kijana ameandika majina ya michezo yote, ukubwa wake kwa GB, ni wa nani, na kama una diski au hauna. Mdogo wake wa kike amepewa GB 80 zake ambazo hakuna anayezigusa bila kumwuliza. Baba akirudi kutoka Tunduma husoma karatasi ile kabla hajaahidi diski nyingine, na safari iliyopita alisema ghala limejaa, akaleta viatu.

Kisarawe mashine ipo bado, na hadidiski yake ni mpya, imeandikwa GEMU kwa kalamu nene nyekundu. Mjomba na dada yake wameanza kuongea tena. Kuhusu bibi, mjukuu mmoja anayesoma Morogoro aligundua kwamba alikuwa amewahi kurushiwa kipande cha video ile kwa WhatsApp, cha dakika mbili na nusu. Amewatumia wote. Katika kipande hicho bibi hataji ukoo. Anaomba maji, anayanywa, anarudisha kikombe, anauliza, "Tulikuwa tumefika wapi?"